Shajara ya mradi: kuhama kutoka bunduki hadi bastola

Kabla ya kuanza

Mradi huu una lengo moja. Bunduki ikikata mikononi mwangu, iwe imeishiwa risasi au imegoma, nataka bastola iwe imetoka kwenye ala na imeelekea kwenye shabaha kabla sijaanza kujiuliza kulikoni. Ninacheza mchezo wa kulenga shabaha kwa vitendo, ule ambao mshindani anatembea, anakimbia, anapiga magoti na kufyatua huku taima inahesabu. Katika mashindano ya silaha tatu, yaani bunduki, bastola na bunduki ya marisau, zoezi moja laweza kukutaka uanze na hii umalizie na ile. Wengi wetu tunalenga vizuri kwa kila silaha peke yake. Pale katikati, mkono unapoacha chuma kimoja na kukamata kingine, ndipo sekunde zinapovuja, na ni wachache wanaokaa kuzifuatilia.

Vifaa: bunduki ya aina ya AR-15 yenye lenzi ya nukta nyekundu, bastola ya milimita 9, ala ngumu ya plastiki kiunoni upande wa kulia. Mimi ni wa mkono wa kulia. Anayetumia kushoto ageuze kila ninachoandika.

Naziweka hapa juu zile kanuni nne za usalama alizozieneza Jeff Cooper, mwalimu wa silaha wa Marekani, kwa sababu mradi wote umesimama juu yake. Kila silaha ihesabu kuwa ina risasi. Usielekeze mdomo wake kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umelenga. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Katika kuhama silaha kanuni hizi zinabanwa kuliko mahali pengine popote, maana kuna kitambo kifupi ambapo mtu mmoja ana silaha mbili zinazosogea kwa wakati mmoja, na macho hayako kwenye hata moja kati ya hizo.

Jumatatu jioni, ndani, bila risasi

Utaratibu kwanza. Risasi zote ziko chumba kingine na mlango umefungwa. Magazini ninazotumia zina risasi bandia zenye rangi, zisizofanana kabisa na za moto. Chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, naikagua kwa jicho kisha kwa ncha ya kidole, bunduki na bastola zote mbili. Ukuta ninaoelekea ni ule ambao ungeweza kuzuia risasi kama ingetoka. Nikishamaliza, nasema kwa sauti kwamba nimemaliza, na silaha hazirudi mkononi usiku huo. Hili la mwisho watu hulidharau, na ndilo la hatari kuliko yote: mtu amekwisha kurudisha risasi za moto kwenye bastola, halafu anasema ngoja nifanye mara moja ya mwisho.

Nimeweka simu pembeni inirekodi kutoka ubavuni. Nilidhani ningeona mkono wa kulia ukichelewa kuchomoa, kwa kuwa ndio tunaoufundisha kila siku. Picha inasema kingine. Mkono wa kulia unatoka kwenye bunduki upesi, unaikamata bastola, unaipandisha, halafu unaning'inia pale kifuani ukimsubiri mwenzake. Wa kushoto bado umeshikilia bunduki na haujui uipeleke wapi. Bunduki inayumba, kitako kinakwama kwenye bega la jaketi, na bastola imeshatoka lakini inashikwa kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo mradi umebadilika siku ya kwanza tu. Si mradi wa kuchomoa bastola. Ni mradi wa kuitua bunduki.

Jumatano, mkanda

Jioni nzima imekwenda kwenye mkanda wa bunduki na sijutii.

Mkanda wa kufungwa mahali pamoja, nyuma ya kishikio, ni mwepesi kuvaa na bunduki inahama bega bila shida. Tatizo lake linaonekana ukiiachia. Inaning'inia katikati ya mwili, mdomo unacheza kati ya miguu, na ukipiga hatua mbili tatu magoti yanagongana na chuma. Kwa mtu atakayesimama palepale unaweza kufaa. Mimi natakiwa kukimbia.

Mkanda wa sehemu tatu nao una utepe wa ziada unaopita ubavuni mwa bunduki, karibu kabisa na kitufe cha kuachia bolti, kile chuma kinachorudi nyuma na kwenda mbele kupakia risasi. Kitu chochote kinachopita pale wakati wa haraka kitakushika kidole. Nimeutoa.

Nimebaki na wa sehemu mbili: ncha moja kwenye kitako, nyingine mbele karibu na mahali mkono wa kushoto unaposhika. Unapita juu ya bega la kushoto na kuzunguka mgongo. Kazi yote iko kwenye urefu. Ukiulegeza sana, bunduki inashuka hadi gotini na kila hatua inakupiga. Ukiubana sana, huwezi kuleta kitako begani bila kuinua shingo kama kuku anayemeza maji. Kipimo nilichofikia ni hiki: nikiwa nimelenga kikamilifu mkanda uwe na ulegevu kidogo tu, na nikiiachia bunduki ikae kwa mshazari mbele ya mwili, kishikio usawa wa tumbo, mdomo ukielekea chini nje ya mguu wa kushoto. Kile kifungo cha kuvutia mkanda nimekisogeza mbele, mkono wa kushoto ukifike bila kutafuta.

Jambo dogo lililonichukulia muda: mifuko ya magazini za bastola. Ilikuwa kiunoni kushoto kabisa, palepale bunduki inapotua. Kila nilipoiachia, mwili wa bunduki uligonga mifuko, ukadunda, ukarudi mbele kuelekea upande wa ala. Nimeisogeza mifuko nyuma kwa upana wa kiganja. Sasa bunduki inatua kwenye nguo na kutulia.

Ijumaa, mkono wa kushoto

Nimeuvunja mwendo vipande vipande na kufanya kila kimoja polepole, taima imezimwa.

Macho hayaondoki kwenye shabaha. Kidole cha kulia kinatoka kwenye kifyatulio na kunyooka ubavuni. Gumba linapandisha sefti, ile swichi inayozuia bunduki isifyatuke. Hapohapo mkono wa kushoto unaanza kazi: unavuta mbele ya bunduki kuelekea chini na kushoto, ili kitako kitoke begani kwa kuzunguka. Ukikisukuma moja kwa moja mbele, kitako kinashika jaketi au kinagonga vikinga masikio. Kikizunguka, kinateleza kupita kwapani kwa kulia. Kishikio kinapogeuka ndipo mkono wa kulia unapokiachia, na kutoka pale ala iko karibu.

Mkono wa kushoto hauitupi bunduki. Unaisindikiza hadi iguse mwili, ndipo unapoachia na kurudi moja kwa moja kifuani, kiganja wazi. Bastola inapopanda inaukuta pale. Mikono inakutana karibu na mwili, mdomo wa bastola ukiwa umeshaelekea mbele, kisha inasukumwa yote pamoja kuelekea shabaha. Kidole kinaingia kwenye kifyatulio wakati alama za kulengea zimefika kwenye shabaha, si njiani.

Niliwahi kuwaona watu wakiiacha bunduki idondoke tu mkandani kwa sababu ni haraka zaidi. Ni haraka mpaka siku inapojizungusha na mdomo wake ukapita juu ya mguu wako. Ile sehemu ya sekunde inayoliwa na kusindikiza inalipwa hapohapo, kwa sababu silaha iliyotulia haikuyumbishi unapolenga bastola.

Kingine nilichokiona kwenye picha: mshiko wa bastola ndani ya ala ndio unaoamua risasi ya kwanza. Ule uwazi kati ya gumba na kidole cha shahada lazima upande juu kabisa nyuma ya bastola kabla haijatoka. Ukiikamata chini ukitegemea kurekebisha njiani, mkono wa kushoto utakapofika utakuta hauna nafasi.

Jumamosi, uwanjani, risasi za moto

Shabaha mbili za karatasi, moja mita 15, nyingine mita 7. Bunduki ina risasi mbili tu kwenye magazini, bastola imejaa. Zoezi: fyatua mbili, bunduki ibaki tupu, hamia bastola, fyatua mbili kwenye shabaha ya karibu. Ninachopima ni ule muda kati ya mlio wa mwisho wa bunduki na mlio wa kwanza wa bastola. Taima ya uwanjani inanasa kila mlio, kwa hiyo hesabu inasomeka peke yake. Nilianza kwenye zaidi kidogo ya sekunde 3. Sikukimbilia kuipunguza.

Mwalimu wangu wa bastola alikuwepo. Nilimwamkia, akaitikia, akasimama nyuma yangu kimya kwa muda mrefu. Halafu akachukua magazini zangu, akaenda nazo pembeni, akarudi nazo. Sikujua ameweka nini. Kwenye jaribio lililofuata nikasikia "tik" badala ya mlio. Nikahama, nikalenga, nikafyatua mbili.

"Sefti imeingia?"

Nikapapasa. "Imekataa, mwalimu."

"Imekataa kwa nini?"

Hapo ndipo tulipokaa. Kwenye bunduki ya aina hii, sefti haipandi kama nyundo ya ndani imeshaanguka. Risasi zikiisha na bolti ikabaki nyuma, nyundo imelazwa tayari, kwa hiyo sefti inaingia bila tabu. Lakini ukifyatua juu ya risasi isiyowaka, nyundo imekwisha kupiga, bolti iko mbele, na sefti haina pa kwenda. Ukiilazimisha unapoteza muda na haitaingia.

"Iliyomo chembani bado ni risasi, kijana," aliniambia. "Ihesabu hivyo."

Ile ya leo ilikuwa bandia, aliipachika yeye. Lakini risasi ya kweli isiyowaka inaweza kuchelewa kisha ikawaka. Ndiyo maana mazoezini, ikitokea yenyewe bila kupangwa, hakuna kuhama: mdomo unabaki umeelekea tuta la udongo linalozuia risasi, mikono imetulia, unangoja angalau sekunde 30, ndipo unafungua. Na pale ambapo sefti imekataa, nimejiwekea sharti kwamba mkono wa kushoto hauiachii bunduki. Unaishika mbele, mdomo chini kuelekea upande wa tuta, imebanwa ubavuni, na bastola inafyatuliwa kwa mkono wa kulia peke yake. Ni polepole na usahihi unashuka, kwa hiyo nao unataka mazoezi yake. Unafaa pia kwa mtu asiye na mkanda kabisa.

Jumapili, kusikiliza bunduki

Tangu jana nafikiria uamuzi kuliko mikono. Muda mwingi unapotea kabla mkono wowote haujasogea, pale bunduki inaponyamaza na mtu anaiinamisha kuitazama. Ukishaitazama tayari umeondoa macho kwenye shabaha, na kuna mambo matatu au manne unaanza kuyachambua.

Bunduki inakwambia kabla hujaitazama. Bolti ikibaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, mtikiso wake ni mwingine: unasikia kishindo cha kurudi, husikii cha kwenda mbele. Ukivuta kifyatulio, kinakuwa kilegevu, hakikipingi kidole. Risasi isiyowaka ni tofauti, kifyatulio kinaachia kama kawaida na unasikia "tik". Ganda likikwama, kifyatulio nacho ni kilegevu lakini bunduki huwa imetikisika vibaya. Kwenye jamii ya AK bolti kwa kawaida haibaki nyuma risasi zikiisha, kwa hiyo mwisho wa magazini wenyewe unakuja kwa "tik", na sefti yake ni ule wenzo mkubwa wa upande wa kulia. Anayetumia hiyo ajifunze lugha ya silaha yake, si ya yangu.

Ukiacha yale ya jana ya risasi isiyowaka mazoezini na sefti iliyokataa, tofauti hizo hazibadilishi uamuzi wa kuhama. Kimya ni kimya. Sababu itatafutwa baadaye. Kinachobadilisha uamuzi ni umbali. Shabaha ikiwa karibu, bastola inawahi kuliko kubadilisha magazini ya bunduki. Ikiwa mbali, mita 50 na kuendelea, mimi nabadilisha magazini, kwa sababu nitakachookoa kwenye kuchomoa nitakilipa kwa kukosa. Katikati kuna eneo ambalo kila mtu lazima alijue kwa bastola yake mwenyewe. Langu linaishia karibu na mita 25.

Jumanne, urefu wa lenzi

Fupi. Nimegundua kwa nini risasi zangu za kwanza za bastola zilikuwa zinapanda juu. Lenzi ya bunduki yangu imekaa takriban sentimita 6.5 juu ya mtutu. Kwenye mita 7 risasi ya bunduki inagonga chini ya nukta kwa karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo nimezoea kulenga juu kidogo kwenye shabaha za karibu. Nikihamia bastola, ambayo alama zake ziko karibu sana na mtutu, macho yanaendelea na mazoea ya bunduki. Dawa yake: kwenye zoezi nimebandika kijiduara kidogo katikati ya shabaha ya karibu, na ninalenga hicho kwa bastola kila mara bila nyongeza. Risasi zimeshuka mahali pake.

Alhamisi, silaha za hewa

Nimetumia silaha za hewa zinazorusha vidonge vya plastiki vya milimita 6, zenye uzito unaokaribia wa kweli. Mchezo huu una daraja lake rasmi chini ya IPSC, shirikisho la dunia la kulenga shabaha kwa vitendo, na mashindano ya kwanza ya dunia ya daraja hilo yalifanyika Hong Kong mwaka 2018. Mtikiso haupo, kwa hiyo hazifundishi kusikiliza bolti. Ila kwa kazi ya mkono wa kushoto ni nzuri ajabu, kwa sababu unaona kidonge kimegonga wapi bila gharama ya risasi. Miwani ya kukinga macho ni lazima hata hapa.

Jumamosi, pipa

Leo ni mhamo wa mashindano hasa, na ni kitu kingine kabisa. Mashindano mengi ya silaha tatu hayataki ukimbie na bunduki yenye risasi ikining'inia. Unaiacha ndani ya pipa au sanduku lililowekwa, mdomo ukielekea upande salama, sefti imewekwa au silaha ni tupu. Ukiiacha na risasi bila sefti umeondolewa kwenye mashindano, hata kama ulikuwa unaongoza. Hapa hakuna mkanda wa kukusaidia, pipa linapokea.

Nilichojifunza leo ni kuanza kuweka sefti kabla sijafika kwenye pipa. Nafyatua ya mwisho, sefti inapanda hatua ya kwanza, na nikifika pipani mikono ina kazi moja tu ya kushusha. Naingiza mdomo kwanza, naishusha kwa mikono miwili hadi nisikie kitako kimekaa, ndipo mkono wa kulia unakwenda kwenye ala huku mguu umeshaondoka. Kuitupia kutoka mbali ni njia ya kuona bunduki ikiruka nje na mdomo ukigeukia watazamaji.

Msimamizi wa uwanja alinisimamisha mara moja kuhusu ile pembe. Kanuni za IPSC zinataka mdomo usivuke nyuzi 90 kushoto wala kulia kutoka kwenye tuta. Pipa lilikuwa kushoto kwangu na nilikuwa nikikimbilia kulia, kwa hiyo nilipochomoa bastola nikiwa nimegeuza kiuno ilikaribia mpaka ule. Suluhisho ni kuchelewesha kuchomoa kwa nusu hatua: nashika bastola ndani ya ala nikikimbia, kidole nje, naitoa kiuno kikishaelekea mbele. Kauli mbiu ya IPSC tangu ilipoanzishwa Columbia, Missouri, mwaka 1976 inapanga usahihi kwanza, halafu nguvu, na kasi inakuja ya mwisho. Nusu hatua ile inakaa vizuri kwenye mpangilio huo.

Jumatano, ilipofikia

Zoezi lile la kwanza, bunduki mita 15 na bastola mita 7, sasa linakaa karibu na sekunde 2, na risasi zote za bastola ziko ndani ya eneo la alama za juu. Sehemu kubwa ya sekunde iliyookolewa haikutoka kwenye kuchomoa. Ilitoka kwenye mkanda, kwenye mifuko iliyosogezwa nyuma, na kwenye kutoitazama bunduki. Mkono wa kulia unakwenda vilevile kama siku ya kwanza, nimelinganisha picha.

Mwenzangu wa mazoezi ameanza kunijazia magazini bila kuniambia idadi, akichanganya na risasi bandia. Hilo limefichua kwamba bado nahama haraka zaidi nikijua kimya kinakuja. Kisipotarajiwa, nakaribia sekunde 2 na nusu. Pengo hilo ndilo kazi iliyobaki.

Kinachofuata: mhamo nikiwa nimepiga goti, ambapo bunduki haina nafasi ya kuning'inia na kitako kinagusa ardhi, halafu mhamo nikiwa nimeegemea kizuizi upande wa kushoto, ambapo mkono unaoitua bunduki ndio ulio karibu na ukuta. Vyote vitaanza ndani, bila risasi, taima imezimwa.